Jina Alilolikuta Kambini

Radi za Kolwezi hazina simile. Kuanzia Novemba, mvua inaposhika nchi, jua linaweza kuwaka mchana kutwa juu ya vifusi vya mgodi wa Kamoto, na kabla hujaanua nguo anga limeshakuwa jeusi kama chungu cha mekoni. Nkambo yangu, mama wa mama yangu, alikuwa na utaratibu wake. Alikifunika kioo kwa kitenge, akawaita watoto ndani, akakaa kwenye kigoda kando ya mlango, miguu ameinyoosha. Radi ikipiga mbali alinyamaza. Ikipiga karibu, bati likitetemeka juu ya vichwa vyetu, alisema neno moja kwa sauti ya chini, kama mtu anayeitika: "Leza." Mvua ikishapita, nasi tukishatoka kuchezea madimbwi mekundu, alishusha pumzi na kusema kwa sauti yake ya siku zote: "Mungu eko."

Siku moja nilimuuliza kama hao ni mmoja au wawili. Hakunicheka. Alifikiri kidogo, akanijibu: "Leza njo nilizaliwa naye. Mungu nilimukuta ku kambi."

Jibu hilo nimekaa nalo zaidi ya miaka thelathini. Nkambo alikuwa Mkatoliki wa rozari ya kila jioni, hakuwa na shaka kwamba Muumba ni mmoja. Alichokuwa akinieleza ni kila jina alilipata wapi, kama mtu anavyojua mkeka huu alipewa na nani na kile kinu alikinunua soko gani. Na kwa kadiri ninavyozidi kuzeeka katika mji huu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba jina la aliye juu halisemi tu yeye ni nani. Linasema pia sisi tunaomwita tumesimama wapi, na kati yetu na yeye amesimama nani.

Kambi aliyoitaja ni ya Musonoi, hapa Kolwezi. Babu yangu aliletwa huko kutoka upande wa Bukama, kwenye mto Lualaba, kufanya kazi ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na miaka ya mwanzo iliwachukua wanaume kwa mikataba mifupi, wakimaliza warudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza njia: mfanyakazi akae, aje na mke, azae kambini. Wakaja watu wa Kasai, wa Maniema, wa Lomami, wa Ruanda-Urundi, kila mmoja na lugha yake, nyumba zikiwa zimepangwa mstari kama meno. Kiswahili kilikuwa kimeshafika nchi hii zamani kwa misafara ya biashara, hasa Bunkeya kwa mfalme Msiri, ambaye baba yake alitoka Unyamwezi akifuata shaba. Lakini ni kambi zilizokifanya kiwe lugha ya kubembelezea mtoto. Na pamoja na maneno ya mshahara, ya sirena na ya mgao wa unga, likaja neno Mungu.

Lilikuja bila deni kwa mtu. Halikuwa la Mlunda wala la Mluba wala la Mchokwe, na hakuna bibi wa hapa aliyekuwa amewahi kulitetemekea. Huko pwani lina ukoo wake wa kale: ni ndugu wa Mulungu, ambaye wazee wa Kigiriama humwomba mvua ndani ya kaya, na Wayao humwita hivyo hivyo. Uislamu ulipofika pwani ulilikuta, ukalipa mahali pa heshima, ukalizungushia Mola, Rabi, Jalali na Mwenyezi. Sisi tulilipokea likiwa limeshasafishwa na dini mbili, kutoka kinywa cha padri na cha katekista. Mungu wa kambini hakuwa na mlima wala chemchemi. Hakuwa na kijiji. Kwa sababu hiyo hasa aliweza kuwa wa wote, na Mkasai na Msanga walizikana kwa jina lake. Hilo si jambo dogo, wala silidharau.

Ila kila mmoja alikuja na jina lingine mfukoni. Wasanga wana Lesa, naye ni yule yule wa Wakaonde ng'ambo ya mpaka, Solwezi, na wa Wabemba na Walamba. Kwa Waila wa Zambia, mvua ikinyesha husemwa kwamba Leza anaanguka. Nkambo alipoitika radi hakuwa anatafuta mfano wa kishairi. Alikuwa katika mazungumzo ambayo nusu ya ukanda huu wa shaba imekuwamo tangu kale. Walunda wana Nzambi, na Waruund wa Kapanga wanalikata mkia, Nzamb. Nzambe wa Kilingala hutufikia kwa nyimbo za Kinshasa. Bapostolo wa Johane Maranke, tunaowaona na kanzu zao nyeupe wakisali uwanjani, wameleta Mwari kutoka Zimbabwe katika nyimbo zao. Na Kifaransa nacho kimeingiza mkono, maana hakuna Mkolwezi anayemaliza siku bila kusema "Dieu merci" katikati ya sentensi ya Kiswahili.

Mtu akiwasikia hawa wote kwenye basi moja ataona ni visawe, chagua upendalo. Lakini chukua Kalunga. Mluvale akisema Kalunga anamtaja Mungu, na ndivyo alivyoandikwa katika Biblia yake. Kwa Waluba, Kalunga ni makao ya waliokufa, chini ya ardhi. Ukienda magharibi hadi kwa Wakongo, kalunga ni maji makuu, ni bahari na ni mpaka kati ya walio hai na waliotangulia. Neno ni moja: huku ni yeye, kule ni mahali, kwingine ni mstari wa kuvuka. Niliwahi kuwasikiliza wazee wawili wa Manika, hapa mjini, Mluba na Mchokwe, wakiombeana heri, na mmoja alipotaja Kalunga mwenzake alishtuka, akidhani anatumwa kaburini. Walicheka baadaye. Lakini kwa muda wa pumzi moja niliuona umbali ulio ndani ya neno moja, na nikaona pia kwamba umbali huo una maana yake, kwa sababu Mungu, maji na wafu vimekaa jirani katika mawazo ya watu wa nchi hii.

Neno lililonikamata kuliko yote ni Vidye.

Ukimsalimu mzee wa Kiluba kwa adabu, hata leo, hata mbele ya duka la simu, utamsikia akijibiwa au akijibu "Eyo Vidye." Tafsiri ya haraka ni "naam, mheshimiwa." Lakini Vidye Mukulu, Vidye Mkuu, ni Mungu mwenyewe aliyeumba. Bavidye, kwa wingi, ni roho za mahali na za wakubwa wa kale, wanaokaa kwenye maziwa, milima na chemchemi. Mfalme akifa anaingia miongoni mwao. Na mganga wa kutabiri, kilumbu, anapopandwa na mmoja wao, uso wake umepakwa pemba, ule udongo mweupe, watu humwita Bwana Vidye. Kwa hiyo Mungu, roho ya ziwa, mfalme marehemu, mganga aliyepandwa, na mzee wa watu anayepita njiani na mkongojo wake, wote wanaitikiwa kwa neno moja. Anayesikia vibaya atasema Waluba wanachanganya. Mimi nasikia ngazi. Heshima ninayompa mzee huyu inapanda kwa waliomzaa, inapita kwa walioanzisha ukoo, na mwisho inafika kwa aliyewaanzisha wao. Hakuna mahali unaporuka pengo.

Wamisionari walikuta ngazi hiyo. Frederick Stanley Arnot aliingia Bunkeya Februari 1886, Dan Crawford akafuata na kuitafsiri Biblia kwa Kiluba-Kisanga, Wamethodisti wakaenda Kapanga kwa Waruund, Wabenedikti na Wafransisko wakagawana sehemu kubwa ya iliyobaki. Kila mmoja alikaa na wazee akiuliza: aliyeumba vyote mnamwitaje? Akapewa jina, akaliandika kwa herufi kubwa. Kazi hiyo naiheshimu, maana wangeweza kutuletea jina la kigeni kabisa na hawakufanya hivyo. Lakini tazama kilichotokea. Umoja ulibatizwa, wingi ukafukuzwa. Vidye akiwa mmoja, na sifa ya Ukuu nyuma yake, alipita mlango wa kanisa. Bavidye walibaki nje, na huko nje wakapewa jina jipya lililokwisha kuandaliwa kwa Kiswahili: mashetani.

Kiswahili chenyewe kina siri yake hapa, na mwalimu wa sarufi angepaswa kuisimulia polepole. Mungu ana upatanisho wa mtu: ameumba, anasikia. Lakini wingi wake ni miungu, umbo la miti na mito. Walio pamoja naye katika umbo hilo ni wachache: mtume na mitume, mzimu na mizimu. Watakatifu hawamo, hao walikuwa watu, nao wanahesabiwa na watu, wa- kama watoto na wageni. Ni kana kwamba lugha ilitambua viumbe wanaotenda kama mtu lakini hawahesabiki kama watu, ikawajengea kibanda chao kati ya binadamu na msitu. Jambo la pili ni zito zaidi. Hakuna anayesema "miungu yangu." Mungu ni wangu, ni wetu, ni wa baba zetu, miungu ni ya wengine daima. Neno hilo kwa wingi ni shtaka tangu linapotoka mdomoni.

Lakini katika lugha za hapa wingi si lazima uwe idadi. Wabemba na Wakaonde humtanguliza mkubwa kwa ba- hata akiwa mmoja, na katika Kiswahili chetu cha Kolwezi mtoto anayemwamkia mama yake asubuhi humwambia "mulamuka," kana kwamba mama ni wengi. Wingi ni kuinama. Aliyesikia ba- akadhani anahesabiwa miungu huenda alikuwa anasikia watu wakiinama, na hilo linaniuma kila ninapolifikiria, kwa sababu kosa la kusikia namna hiyo halirekebishiki kwa kamusi.

Pepo nao walipata hasara kama hiyo. Kwa sikio la Kiswahili, pepo, upepo na Peponi ni neno linalovuma pande tatu: hewa inayopita, roho inayopanda kichwani, na bustani ya waliookoka. Zanzibar na Pemba wana pepo wenye kwao, wenye dini na lugha na ngoma yao; kibuki huitwa kwa muziki kutoka Bukini, na akija hukaribishwa, huulizwa shida yake, huagana na watu. Sisi tulilipokea neno bila ngoma. Pepo wa Kolwezi anajulikana kwa amri moja tu, "toka," inayopigwa kwa kipaza sauti kwenye maombi ya usiku mpaka alfajiri. Hakuna anayemuuliza anaitwa nani.

Basi mtu wa kambini alibaki na Mungu juu sana, na shetani chini, na katikati hakuna kitu. Hata makaburi ya wazee hayakuwapo. Bankambo, mababu na mabibi wa watu, walikuwa wamezikwa Bukama, Kabongo, Kapanga, Luluabourg. Kambi ilikuwa na zahanati, shule, kanisa na kantini, lakini haikuwa na wafu wa kutosha.

Hapo ndipo ninapomuona Padri Placide Tempels, na sijui kama kuna mtu mwingine wa nje aliyeliona pengo hilo kwa ukaribu kama wake. Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuja Kongo mwaka 1933, akakaa na Waluba wa upande wa Kamina. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1945 huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, nacho kikasomwa na kubishaniwa Afrika nzima na Ulaya. Ndani yake aliandika juu ya bavidye: waasisi wa koo waliokwisha kuvuka hali ya wafu wa kawaida, wanaosimama kati ya Mungu na walio hai na kuwapitishia hawa nguvu ya uhai. Kuna mengi ya kumlaumu, na wanafalsafa wetu wamemlaumu inavyostahili, hasa kwa kusema kwa niaba ya watu wasioulizwa. Lakini mwaka 1953 alikuja Musonoi, kwa wafanyakazi wa mgodi, na huko aliacha kuandika juu ya watu akaanza kukaa nao jioni, mume na mke, mume na mke.

Kilichozaliwa hapo kiliitwa Jamaa. Nadhani hakuna neno la Kiswahili lililowahi kupandishwa cheo kwa upole kama hilo. Wanajamaa walizungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo. Mtu hakuingia peke yake. Waliingia wawili, na walipokwisha kuingia waliitwa baba na mama, hata na watu wa rika lao. Aliyekufundisha alikuwa amekuzaa, na mafundisho yalikuwa aina ya kunyonyesha. Bwana Yesu na Bikira Maria waliwekwa mbele yao kama mfano wa umoja huo. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuja kuwasikiliza, alitoa kitabu juu yao mwaka 1971, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kufuatilia maneno tu: watu hawa wanasema baba, wanasema kuzala, wanamaanisha nini? Kanisa baadaye liliwatilia mashaka. Tempels mwenyewe alirudi kwao mwaka 1962, asirudi tena.

Nkambo hakuingia Jamaa, lakini majirani wa mlango wa pili waliingia, na nakumbuka jinsi mume yule, fundi wa mitambo mwenye mikono isiyotakata mafuta, alivyomwita mke wake "Mama" kwa namna iliyofanya watu wanyamaze. Kwangu mimi maana ya Jamaa iko hapo. Ngazi iliyokatwa ilikuwa inajengwa upya kwa mbao za Kiswahili. Bavidye hawakuweza kurudi kwa jina lao, basi wakarudi wazazi: mtu amezaliwa na baba, aliyezaliwa na baba, aliyezaliwa na Mungu Baba. Kati ya kambi na mbingu pakawa na watu tena.

Neno Bwana halikuweza kufanya kazi hiyo. Hapa kwetu mwanamke akisema "bwana yangu" ni mume wake. Kazini, enzi ya Wabelgiji, bwana alikuwa mzungu. Kanisani Bwana ni Yesu, na katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 BWANA kwa herufi kubwa ameshika nafasi ya lile jina la Kiebrania lisilotamkwa. Bibi mmoja wa kambi aliweza kumwogopa bwana mmoja mchana, kumpikia bwana mwingine jioni, na kumwimbia wa tatu Jumapili. Upendo ungeweza kupita katika neno hilo, lakini ulipita ukiwa umeinamisha kichwa.

Ardhi, kwa upande wake, haijasahau majina ya zamani. Kabla ya kampuni yoyote kulikuwa na walioitwa walaji wa shaba, wafua madini wa milima hii, waliowasha tanuru zao wakati wa kiangazi na kumimina misalaba ya shaba iliyofika mbali kuliko wao. Hawakuingia mlimani bila kuwaambia wenye mlima. Na leo mahali papya panapofunguliwa, mtawala wa jadi huitwa aje aseme na bankambo kabla koleo halijagusa udongo, na wachimbaji, wengi wao wakiwa wa makanisa ya uamsho yanayowakataza mambo hayo, husimama pembeni kofia mkononi. Nimewaona. Hakuna anayecheka.

Tarehe 27 Juni 2019 ukuta wa udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV, hapa Kolwezi, wakafa wachimbaji wasiopungua 43. Kwa siku kadhaa mji ulizungumza chini chini. Wahubiri walisema mapenzi ya Mungu, wengine walisema ni shetani, wazee walisema mlima haukuombwa. Nilikuwa katika kilio kimoja wiki ile, na nilisikiliza kwa makini, kwa sababu kusikiliza maneno ndiyo kazi yangu. Wanawake waliokuwa wamekaa chini kwenye mkeka hawakutumia neno lolote kati ya hayo. Walilia "Mama yangu weee, mama yangu," na hata mama wa marehemu, mwanamke mzima aliyekwisha kumzika mama yake, alikuwa akimwita mama huyo aje amsaidie kubeba.

Nkambo alikufa kabla ya hapo, kwa amani, kitandani pake. Katekista alisali kwa Kiswahili kizuri. Mungu alitajwa mara nyingi na kwa mapendo. Nilitamani mvua, haikuja, ilikuwa Julai na vumbi lilikuwa limefunika hata majani ya miembe. Watu walipoanza kutawanyika kaburini, mzee mmoja wa ukoo aliyekuja kwa treni kutoka Bukama alibaki nyuma. Alitoa kwenye mfuko wa koti bonge dogo la pemba, akalisugua kwenye mkono wake wa kushoto kutoka kiwiko hadi kiganja, akapiga makofi mawili, taratibu, na kusema kama anayemjibu mtu aliyemsemesha: "Eyo Vidye."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Sikumuuliza anamjibu nani.